Mzee wa gia pale Mbuyuni, Moshi: kazi safi, ila usiende na haraka

Wenye haraka niwape jibu kabisa. Kama una baiskeli ya gia ya mtumba, zile za milimani za miaka ya 1990, na swichi ya gia, kile kidude cha usukani cha kubadilishia gia, imegoma, mpelekee huyu mzee kabla hujatoa hela ya swichi mpya. Kama unaitaka leo leo, tafuta fundi mwingine.

Hana kibao wala jina la duka. Yuko kwenye kibaraza upande wa nyuma wa soko la Mbuyuni, jirani na wachoma mahindi. Ulizia "mzee wa gia", utaonyeshwa.

Baiskeli yangu ni ya chuma, gia 3 mbele na 7 nyuma, zile za kubonyeza kwa kidole gumba. Naishi Rau, shule ninayofundisha iko juu Uru. Anayeijua barabara ile anaelewa kwa nini naandika kirefu hivi kuhusu kidude kidogo namna ile: kushuka unahitaji breki na Mungu tu, lakini kupanda bila gia nyepesi ni kusukuma baiskeli mbele ya wanafunzi wako, na wanafunzi wa sekondari hawana huruma.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa upande wa kulia, unaoendesha gia za nyuma. Nabonyeza, kidude kinakwenda chote mpaka mwisho, hakuna "tak", kinarudi kitupu. Cheni haisogei. Asubuhi za Juni na Julai, ukungu ukiwa umeshuka, haikubali kabisa. Saa za kutoka shule, ikiwa imekaa juani, inakamata tena kana kwamba haikuwahi kuumwa.

Fundi mmoja mjini, simtaji, aliibonyeza mara mbili akasema imekufa, ninunue jozi mpya kwa 35,000. Alizokuwa nazo ni za gia 8, yangu ni ya 7. "Ni zilezile tu, madam." Siyo zilezile. Kwenye gia 7, kutoka sproketi moja (yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni) hadi nyingine ni kama milimita 5, na kwenye 8 ni 4.8. Ni tofauti ndogo, lakini swichi hizi hazikisii: kila "tak" moja inavuta waya kwa kipimo kimoja, na kosa linajumlishana kila unapopanda gia. Katikati cheni itakaa, mwishoni itaanza kulalamika. Nikamshukuru, nikaondoka na baiskeli yangu.

Kwa mzee mambo yalikuwa tofauti tangu salamu. Nimemwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza nafundisha wapi, halafu bila kuigusa baiskeli akauliza: "Mwalimu, inakataa siku nzima, au asubuhi tu?" Nilipomjibu akacheka. "Basi hiyo haijafa. Imeganda."

Alinieleza huku akifanya. Ndani ya swichi kuna gurudumu dogo lenye meno, na kijino kinachosukumwa na springi nyembamba ili kiingie kwenye meno hayo. Ukibonyeza, kijino kinakamata jino, gurudumu linazunguka, waya unavutwa. Grisi ya kiwandani ikikaa miaka ishirini, thelathini, inakauka na kunata. Kijino kinashikwa humo humo, springi haina nguvu ya kukisukuma, kwa hiyo unabonyeza hewa. Baridi inaikaza zaidi, jua linailegeza. Ndiyo maana aliuliza ya asubuhi.

Aliining'iniza baiskeli kwa kamba iliyofungwa kwenye boriti, akapeleka cheni kwenye sproketi ndogo kabisa ili waya ulegee, akausukuma, kichwa chake kikatokea kwenye tundu la swichi. Akafungua skrubu moja ya mfuniko. Moja tu. Kijana wake alipotaka kuendelea na bisibisi alimpiga kikofi cha mkono: humo ndani kuna springi iliyojikunja, ikikurukia utaitafuta barazani mpaka magharibi.

Kisha akachukua bomba la sindano lisilo na sindano, akavuta mafuta ya taa, akamimina ndani ya swichi huku akibonyeza. Mwanzo yalitoka meupe vilevile kama yalivyoingia. Akaongeza, akabonyeza, akageuza usukani yamwagike, akaongeza tena. Baadaye yakaanza kutoka ya kahawia, na vipande vidogo vigumu kama sukari guru. Alivikusanya kwenye kitambaa akanionyesha, kwa fahari ya daktari wa meno. Akaiacha iloe, akahudumia mteja mwingine, akarudi. Sikuwa nimesikia "tak" ya kwanza vizuri; yeye alisikia, akanyanyua kidole nisikilize. Akabonyeza polepole, moja, mbili, mpaka zikatimia zote.

Kijana akatumwa na swichi kwa jirani wa pancha ipulizwe upepo ikauke. Iliporudi ikawekwa mafuta ya cherehani, matone machache. Niliuliza kwa nini asiweke grisi mpya. "Grisi ndiyo iliyokuleta hapa, mwalimu."

Ningeondoka hapo nikiwa nimeridhika, ila yeye alikuwa ameshaanza kukunja uso kwenye kava la waya. Kumbe aliyeitengeneza zamani aliweka kava la breki. Alilikata, akaniwekea ncha karibu na jicho: la breki limezungushiwa waya bapa mmoja kama springi, la gia lina nyuzi nyingi zimelala kwa urefu. La breki linastahimili nguvu, lakini ukivuta linabonyea kidogo, na kwenye gia za "tak" huko kubonyea ndiko kunakofanya gia iingie nusu. Alikata la gia, na kwa njiti ya tairi aliyoichonga ncha akaitanua ile plastiki ya ndani iliyobanwa na koleo, ili waya usikwaruze. Mafundi wengi wanairuka hatua hiyo.

Marekebisho ya mwisho alifanya kwa kile kitufe cha kuzungusha pale waya unapoingia nyuma, nusu mzunguko, robo mzunguko, kisha akanitoa nikaendeshe mwenyewe. Anasema gia za hewani ni waongo, cheni lazima ibebe mtu. Ni kweli, kwenye kamba ilikuwa inaingia zote, barabarani ya nne ilisita. Robo mzunguko mwingine, ikakaa.

Sasa malalamiko. Ahadi zake za muda zisikilize kama unavyosikiliza za fundi cherehani: aliniambia itaisha Jumamosi jioni, ikaisha katikati ya wiki, na simu hapokei. Ncha ya waya haweki kile kikofia cha kuizuia isifumuke, anapaka gundi ya supaglu. Yangu imeshafumuka na imeshanichoma kidole. Swichi ya kushoto aliiosha pia, lakini kupanda kwenye gia kubwa ya mbele bado inataka kubonyezwa mara mbili. Hakunitoza ya upande huo, na kwa njia ya Uru gia hiyo siihitaji. Na jamani, mafuta ya taa kwenye sahani iliyo wazi, hatua tatu kutoka jiko la mkaa la mama wa mahindi! Nilimwambia, akasema wamezoeana.

Nililipa 12,000: ufundi 6,000, zilizobaki ni waya mbili na kava. Hakuna risiti, hakuna lipa kwa simu, ni pesa mkononi.

Si kila swichi anaiokoa. Siku ile ile kijana wa bodaboda alileta ya baiskeli yake, kijino kimelika mpaka kimekuwa duara, na mzee hakumimina hata tone. Alimwambia akanunue ya 7 kamili, au kama hataki, yeye amfungie mkono wa zamani usio na "tak", ule wa kuvuta mpaka cheni ikae unapotaka. Huo haujali baiskeli ina gia ngapi, unatumia sikio lako tu. Wakakubaliana 5,000.

Jumapili hafungui mpaka watu watoke kanisani, na mvua ikinyesha haonekani kabisa. Ioshe baiskeli kabla hujaenda. Yenye matope anaikataa hapo hapo, hata ukiwa mwalimu wa mjukuu wake.