Mwongozo wa Baruti za Kazini: Majedwali Yanavutia, Thamani Iko Kwingine

Kitabu hiki cha rejea kuhusu baruti za kibiashara, yaani zile za machimbo, migodi na ujenzi wa barabara, nilikinunua kwa sababu ya majedwali. Kila aliyenisifia alisifia majedwali. Nimekitumia kazini kwa muda wa kutosha sasa, na kurasa zilizochakaa kwa vidole vyangu ni za mtikisiko wa ardhi, moshi na baruti iliyogoma kulipuka.

Sisemi majedwali ni mabaya. Yamepangwa vizuri: aina ya baruti, uzito kwa ujazo, inavyostahimili maji, kasi ya mlipuko, daraja la hatari wakati wa kusafirisha. Safu hiyo ya mwisho peke yake inamsaidia mtunza stoo kuliko hotuba kumi. Dainamiti ni 1.1D, fataki nyingi (detoneta, yaani vilipuzi vidogo vya kuanzisha mlipuko) ni 1.1B, ANFO (nitrati ya amonia iliyochanganywa na mafuta ya dizeli) ni 1.5D. Wengi huona 1.5 wakalegea, wakidhani namba ikipanda hatari inashuka. Mwandishi analikata hilo kwa nusu ukurasa: 1.5 maana yake ni ngumu sana kuiamsha, lakini ikishaamka mzigo wote unaweza kwenda kwa mpigo mmoja, sawa na 1.1. Na herufi B na D ndizo zinazokuambia kipi kisiwekwe karibu na kipi.

Kinachoniudhi ni safu ya kasi. Kila bidhaa imepewa namba moja, kavu. Kwa ANFO hilo haliwezekani, kwa kuwa upana wa tundu lililochorongwa na jinsi baruti ilivyobanwa ndani yake hubadilisha kasi hiyo. Mtu akilinganisha bidhaa mbili kwa namba hizi, huenda analinganisha maabara mbili, si baruti mbili. Safu hiyo ilihitaji kiwango cha chini, cha juu, na maelezo ya hali ya kipimo. Mpaka hapo litakaporekebishwa, karatasi ya maelezo ya kiwanda ndiyo ninayoifuata.

Sura ya mtikisiko ndiyo iliyolipa bei ya kitabu. Inaeleza kanuni ya kugawa umbali wa nyumba ya jirani kwa kipeuo cha pili cha uzito wa baruti inayolipuka kwa mpigo mmoja. Jibu likiwa kubwa, mtikisiko unaofika ni mdogo. Ni kanuni rahisi, ila ina mtego ambao kitabu kinauonyesha kwa mfano: kilo 100 kwa mpigo, nyumba iko mita 500, jibu ni 50. Chukua mlipuko uleule, uhesabu kwa futi na ratili, jibu linakuwa kama 110. Hakuna kilichobadilika ardhini. Sheria ya Marekani ya migodi ya wazi ya makaa ya mawe inataka jibu lisipungue 55 kwa umbali wa futi 301 hadi 5,000 kama mtikisiko haupimwi kwa kifaa, na hiyo 55 ni ya futi na ratili. Kwa mita na kilo ni kama 25. Anayeichukua 55 akaitumia kwenye mita atachimba kwa woga na hasara. Anayeichukua 25 akaitumia kwenye futi atajikuta anajibu malalamiko ya kuta zilizopasuka. Ajabu ni kwamba kitabu chenyewe kinachanganya vipimo hivyo kurasa chache mbele, kwenye sura ya mawe yanayoruka, tena bila kuonya.

Sura ya moshi ni fupi na haina mapambo. Wingu la rangi ya machungwa baada ya mlipuko ni oksidi za nitrojeni, na kitabu kinasisitiza jambo ambalo vijana wapya hawaliamini: aliyevuta hewa hiyo anaweza kujisikia mzima, akaenda zake nyumbani, mapafu yakaanza kumsumbua saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo haachwi aende peke yake kwa sababu tu amesema yuko sawa. Monoksidi ya kaboni haina hata rangi ya kukuonya, wala harufu.

Historia imepewa nafasi kubwa kuliko inavyostahili. Utambi wa usalama wa Bickford wa 1831, dainamiti ya Nobel ya 1867, yote hayo mtu anayapata popote. Lakini sura ya uhifadhi inaanza na Oppau, Ujerumani, 1921, na hapo nilisoma mara mbili. Mbolea yenye nitrati ya amonia ilikuwa imegandamana ghalani, na desturi ilikuwa kuilegeza kwa baruti ndogo. Walikuwa wamefanya hivyo mara nyingi mno bila tatizo, hadi siku ile zaidi ya watu 500 walipopoteza maisha. Ninamsomesha kila mgeni wa stoo kurasa hizo kabla sijampa ufunguo.

Kuhusu baruti iliyogoma, kitabu kinataja muda wa kusubiri katika kanuni za migodi ya Marekani: dakika 30 kwa utambi, angalau 15 kwa fataki nyingine zisizo za kielektroniki. Ni sawa, ila fataki za kielektroniki zimeguswa kwa aya chache tu mwishoni, kama kitu kilichokumbukwa wakati kitabu kiko mlangoni mwa mtambo wa kuchapa. Kwa hizo subiri dakika 30 au muda wa mtengenezaji, ule ulio mrefu zaidi, hata kama msimamizi anatazama saa.

Fahirisi ni dhaifu. Nimeweka vipande vya karatasi vyangu mwenyewe. Jalada ni gumu na limestahimili vumbi na grisi. Kwa mwanafunzi anayeanza, sikipendekezi kiwe kitabu cha kwanza, maana kinadhani tayari umesimama mbele ya uso wa mwamba. Kwa msimamizi wa ulipuaji au mtunza stoo mwenye leseni, ninakipa nyota nne.