Sanduku la kuchonga nguzo ndogo za totemu: tai wangu aligeuka kunguru

Nililinunua hapa Vancouver kwa dola 42 za Kanada, baridi iliponifungia ndani. Nguzo za totemu ni magogo yaliyochongwa wanyama, mmoja juu ya mwingine. Mlikuwa na vipande 3 vya mbao ya basswood vya sentimita 20, kisu kifupi, patasi 2 ndogo, ngozi ya kunolea, glavu na karatasi ya michoro.

Kisu ni kizuri kweli. Kilikuja kikali cha kunyoa vinyweleo vya mkono (nilijaribu), na ile mbao ni laini, haina mafundo, inakatika kama sabuni ya mche. Mimi ni mtu wa Newala, nimekua nikisikia tezo ikigonga mpingo. Mpingo mkono unauma kabla mti haujaumia. Hii hata asiyewahi kushika kisu atatoa macho na masikio ya dubu kwa jioni mbili. Glavu ni moja tu, ya mkono wa kushoto. Wenye shoto wajitegemee.

Tatizo ni karatasi. Mchoro wa juu ni tai, mdomo umetokeza kama wa birika, na maelekezo yanataka uuchonge humohumo kwenye kipande. Lakini nyuzi za mbao zinakwenda juu na chini, kwa hiyo kwenye mdomo unabaki na nyuzi fupifupi zisizoshikana. Siku ya tatu, tak! Ncha chini ya meza. Nikapiga msasa kilichobaki, ukawa mdomo mnyoofu, mzuri tu.

Jumapili nikaenda Brockton Point, ndani ya Stanley Park, kutazama nguzo zenyewe. Kumbe kwa Wahaida, wenyeji wa asili wa pwani hii, na majirani zao, tai hutambulikana kwa mdomo uliopinda ncha, na kunguru kwa mdomo ulionyooka. Basi nina kunguru! Halafu, kwenye nguzo kubwa za mwerezi mwekundu, midomo mirefu mara nyingi huchongwa kando ikapachikwa. Mstari mmoja wa maelezo ungeniokoa.

Jingine lililonikera: karatasi inawaita wanyama wale "mapambo". Ni alama za koo na ukoo una haki nazo. Nguzo husimamishwa kwa potlatch, sherehe ya kualika wageni na kuwagawia zawadi, ambayo serikali ya Kanada iliipiga marufuku kuanzia 1885 hadi 1951. Watu wametunza haki hizo kwa taabu, halafu mimi nizinakili jikoni kwangu kwa dola 42? Michoro nikaiweka kando.

Ukitaka kisu na mbao tu, nunua, thamani ya pesa utaipata. Kwa maelekezo nawapa nyota 1.

Kipande cha tatu nimechonga vyangu: kobe chini, pweza katikati, juu mbuzi wa babu. Pembe nilizichonga kando nikazibandika kwa gundi. Mpaka leo zipo.