Uchambuzi wa Wilson Combat EDC X9: bastola ya kubeba kila siku chini ya nguo

Karibuni watazamaji. Bastola iliyo mbele yangu leo ni Wilson Combat EDC X9, ya risasi za milimita 9, na kabla ya neno lolote naomba mtazame pamoja nami: magazini, yaani kasha la risasi linaloingia kwenye mpini, imetolewa; slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, imevutwa nyuma; chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu; na hakuna risasi hata moja katika chumba hiki. Itabaki tupu hivyo mpaka mwisho wa uchambuzi huu.

Wengi wenu mmeniuliza iwapo bastola ya daraja la juu namna hii inamfaa mtu mwenye kibali cha kubeba silaha kila siku, au ni chombo cha kupendezesha kabati na kung'ara kwenye uwanja wa shabaha. Jibu langu ni kwamba inafaa, tena sana, lakini kwa mtu wa aina moja tu: yule aliye tayari kufanya mazoezi ya kidole gumba hadi yawe tabia. Nitaeleza kwa nini.

Kampuni ya Wilson Combat ilianzishwa na Bill Wilson mwaka 1977 huko Berryville, Arkansas, nchini Marekani, na jina lake lilijengwa juu ya M1911, ile bastola ya John Browning iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911. EDC X9 imezaliwa katika ukoo huo. Nyundo yake iko wazi nyuma, hubebwa ikiwa imekokiwa, yaani imevutwa nyuma tayari kupiga, na kifungio cha usalama kinapandishwa na kushushwa kwa gumba. Hata hivyo, wabunifu wameondoa usalama wa mpini, yaani ile sahani ya nyuma ambayo katika M1911 ni lazima ibanwe na kiganja ndipo kifyatulio kifanye kazi. Wameweka pia magazini yenye safu mbili, ambayo katika toleo la kwanza ilichukua risasi 15, bila ya kuunenepesha mpini kupita kiasi. Fremu ni ya aluminiamu na mtutu una urefu wa inchi 4, sawa na sentimita 10 hivi.

Tuanze na kifyatulio, kwa sababu hapo ndipo sehemu kubwa ya thamani yake ilipo. Katika bastola nyingi za fremu ya plastiki kifyatulio huzunguka kwenye pini; hiki kinateleza moja kwa moja kuelekea nyuma. Nguvu inayohitajika ni kati ya kilo 1.6 na kilo 2 hivi. Naifunga slaidi, chemba ikiwa bado tupu, kisha nitakivuta polepole ili mkione kwa karibu: kidole kinapita mwanya mfupi usio na uzito, kinakutana na ukuta, kisha ukuta unaachia bila kuburura hata kidogo. Sasa, kidole kikiwa bado kimebana, naivuta slaidi ili nyundo ikokiwe tena, kisha naachilia. Mmesikia mlio? Kimeshashika tena, na kidole kimerudi mbele kwa umbali mdogo mno.

Msidhani huu ni utamu wa wapenda bunduki tu. Umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele kwenye bastola hii ni takriban sentimita 15, na kwa kipimo hicho kilengeo cha mbele kikisogea pembeni milimita 1, risasi itakwenda kando karibu sentimita 7 ikifika mita 10. Kidole kinachopambana na kifyatulio kizito na chenye kukwaruza huisogeza milimita hiyo bila mwenyewe kujua. Anayebeba silaha miongoni mwa watu anawajibika kwa kila risasi inayotoka, iliyopata na iliyokosa, kwa hiyo chombo kinachopunguza kosa la mkono ni chombo ninachokiheshimu.

Lakini wepesi huo huo una madai yake. Kifyatulio cha kilo 2, chenye mwendo mfupi na kisicho na usalama wa mpini wa kukisaidia, kinakiacha kile kifungio cha gumba kuwa kizuizi pekee unachokitawala kwa mkono. Kiwe juu, yaani kimefungwa, wakati wote bastola ikiwa kwenye ala, ule mfuko wake wa kuvaa kiunoni. Kishuke pale tu bastola inapokwisha kutoka na mdomo wake unaelekea kwenye shabaha, na kipandishwe tena kabla haijarudishwa. Mtu aliyezoea bastola isiyo na kifungio cha mkono akiibeba hii bila mazoezi, mambo mawili yanaweza kumpata: atavuta kifyatulio kilichofungwa wakati anakihitaji, au atairudisha alani ikiwa imefunguliwa. Sijui lipi ni baya zaidi. Ndiyo maana simshauri mtu abadilishane EDC X9 na bastola ya mfumo mwingine siku hadi siku. Achague moja mkono wake uijue.

Mpini ni sifa yake ya pili. Tazameni mbele na nyuma ya mpini: kuna michoro ya misalaba iliyochongwa ndani ya chuma, ambayo wenyewe wanaiita X-TAC. Mkono ukiwa na jasho haitelezi, na kwa kuwa umbo la nyuma limechongwa juu, kiganja kinapanda karibu na slaidi na mdomo wa bastola hauruki sana risasi inapotoka. Kasoro ni kwamba mwili nao unaisikia michoro hiyo. Ukiibeba ndani ya kiuno cha suruali pasipo fulana ya ndani, hadi jioni ngozi ya ubavu itakuwa imekwaruzika.

Suala la uzito ni lazima lisemwe wazi. EDC X9 inazidi gramu 800 kabla haijatiwa risasi, ilhali Glock 19, ambayo wengi huichukua kuwa kipimo cha bastola za ukubwa huu, ina takriban gramu 670 pamoja na magazini tupu. Risasi moja ya milimita 9 ina gramu 12 hivi, kwa hiyo risasi 15 zinaongeza karibu gramu 180, na jumla inakaribia kilo 1 inayoning'inia kiunoni tangu asubuhi. Uzito huo unatuliza mkono wakati wa kufyatua, nami naupenda uwanjani, lakini unadai mkanda mgumu uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Mkanda laini utapinda, mpini utaegemea nje, na kila mtu atauona umevimba chini ya shati.

Kuhusu ala, msikubali kuambiwa kwamba ala yoyote ya M1911 itaingia, kwa maana vipimo si vile vile. Tafuteni iliyofinyangwa kwa ajili ya bastola hii hasa, ifunike kifyatulio chote, mdomo wake ubaki wazi baada ya bastola kutoka, na ukingo wake usikisukume kifungio cha usalama chini. Hilo la mwisho lijaribuni nyumbani na bastola tupu: vaa, keti, inama, inuka, panda ngazi, kisha angalia kama kifungio bado kiko juu. Ala inayokishusha haifai, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Vilengeo nitavipitia haraka. Cha mbele kina kijiti kinachokusanya mwanga na kung'aa vizuri mchana. Cha nyuma ni cheusi chenye pengo la umbo la U, na jicho linalikuta upesi. Gizani kijiti hicho hakina msaada mkubwa, kwa hiyo anayetembea usiku afikirie vilengeo vya aina nyingine.

Jambo la kutegemewa ndilo linalonihusu zaidi katika silaha ya kubeba. Chemba ya bastola hii imechongwa mifereji ili ganda lising'ang'anie, na ndoano ya kutolea ganda iko nje ya slaidi. Vyote viwili ni ubunifu mzuri. Hata hivyo, ubora wa karakana haukuondolei wajibu wa kujaribu. Bastola zilizounganishwa kwa kubana sana zinahitaji mafuta, na zinahitaji kufyatuliwa kwa wingi kabla ya kuaminiwa, kwa kutumia zile zile risasi zenye tundu kwenye ncha utakazobeba, si za mazoezi pekee. Ziandikeni magazini zenu namba kwa kalamu ya rangi. Magazini ni chanzo cha kukwama kwa bastola nyingi, na bila namba hutajua ni ipi inayokuangusha. Springi nazo huchoka, kwa hiyo zibadilishwe kwa ratiba iliyo katika kitabu cha maelekezo, hata kama bastola bado inafanya kazi.

Limebaki moja ambalo wabebaji wengi wa kila siku hawalijali. Ukitoa risasi ya chembani kila usiku na kuirudisha ile ile kila asubuhi, kila mara slaidi inapoisukuma ndani kichwa chake kinagonga njia ya kupandia, ule mteremko unaoiongoza hadi chembani, na taratibu kichwa hicho huzama ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, na shinikizo linapanda kupita kiwango kilichokusudiwa wakati wa kufyatua. Isimamishe risasi hiyo kando ya mpya kutoka kwenye boksi lile lile, mezani, uzitazame kwa usawa wa macho. Ukiona imekuwa fupi, hata kwa tofauti ndogo, iweke kando na usiifyatue. Njia iliyo bora ni kupunguza kuichomoa: bastola ikae ndani ya ala yake, kifungio kikiwa juu, katika kasha la chuma lenye kufuli ambalo mtoto wala mgeni hawezi kulifungua, na ufunguo ubaki kwako.