Sindano ya msuli: bega au paja?

Kwenye zahanati zetu za Newala na Nachingwea ubishi huu hauishi. Bega ni rahisi kulifikia: mgonjwa anapandisha mkono wa shati, basi. Pima vidole viwili hadi vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega, uchome katikati ya msuli. Lakini msuli wenyewe ni mdogo. Mililita 1 inautosha, na ukishuka mno unaikaribia neva. Paja, upande wa nje, theluthi ya katikati, hupokea dawa nyingi zaidi na liko mbali na mishipa mikubwa, ila mtu mzima atachechemea akirudi shambani. Kichanga ni paja, hapo sibishani. Mjamzito mwenye kanga mbili anayesubiri chanjo ya pepopunda, bega. Mzee aliyekonda? Ushike kwanza msuli kwa vidole, uone umebaki kiasi gani.