Vichwa laini vya .375 kwa mbogo: uzoefu wangu

Naandika nikiwa na hasira. Kisanduku cha risasi za bunduki ya .375 H&H, vichwa laini (kichwa ni ile sehemu ya risasi inayoruka, na kilaini huchanua kikigonga) vya uzito wa greni 300, nilichouziwa Dar es Salaam kama "risasi za mbogo", hakifai kwa mbogo. Dume lilisimama ubavu, karibu kabisa, likapigwa begani. Kichwa kilivunja mfupa kikafia hapohapo. Wakati wa kuchuna tulikuta koti la shaba limekunjamana nje ya mbavu, tupu, na madini ya risasi yametapakaa ndani ya nyama. Mapafu hayakuguswa. Solidi, yaani vichwa vigumu visivyochanua, ndizo zilizommaliza, tena kichakani, na kichakani watafuta nyayo ndio wanaotangulia. Muuzaji hayupo pale.

Nilipomrudia akaniambia, macho yakiwa kwenye simu: "Kaka, risasi ni risasi. Wewe lenga vizuri." Tundu la kuingilia lilikuwa panapotakiwa: mstari wa mguu wa mbele, theluthi moja ya kifua kutoka chini. Shabaha haikuwa na kasoro.

Tatizo ni muundo. Kichwa cha kawaida ni koti la shaba lililojazwa madini ya risasi, bila chochote kinachovishika viwili hivyo pamoja. Kikitoka mtutuni kina mwendo wa karibu mita 760 kwa sekunde, na kwa mnyama wa karibu mwendo huo bado haujapungua. Kinagonga ngozi nene na mfupa, kinachanua mapema mno. Kipenyo kikiwa mara mbili, uso unaosukuma nyama unakuwa mara nne, kwa hiyo breki inakuwa kali. Kisha kiini kinachomoka kwenye koti, uzito unagawanyika, na kipande chepesi hakifiki mbali. Ndiyo maana wengi hulaumu unyonge wa bunduki wakati kichwa kimegonga kwa kasi kuliko kinavyoweza kustahimili.

Niwe mkweli, kwa swala pala au kongoni hicho kisanduku kinaua vizuri. Mbavu nyembamba, mwendo umeshapungua kwa umbali, kichwa kinachanua polepole na mnyama anaanguka. Nilitaka kukipa nyota tatu kwa ajili hiyo. Lakini hapana. Pofu dume naye ana bega zito, na nyama ya bega lililojaa chembe za risasi huwezi kuwapa watoto wa kijijini wale. Nyota moja.

Kwa mbogo nunua kichwa kilichounganishwa, yaani kiini kimeshikamanishwa na koti, au chenye ukuta wa shaba katikati. Nosler Partition ndiyo mama wa muundo wa ukuta, tangu 1948: sehemu ya mbele inaweza kuvunjika, ya nyuma inaendelea na safari. Swift A-Frame ina ukuta na kiini cha mbele kimeunganishwa pia, kwa hiyo hubaki na sehemu kubwa zaidi ya uzito wake. Vile vya shaba tupu kama Barnes havina kiini cha kuchomoka, ila kwa uzito uleule ni virefu zaidi, na mtutu wenye msokoto wa taratibu (mifereji ya ndani inayozungusha kichwa polepole) unaweza kushindwa kuvituliza. Vijaribu kwanza kwenye shabaha. Usafishe mtutu shaba ya zamani kabla ya kubadili aina, la sivyo utalaumu kichwa bure.

Solidi hazichanui, zinapita. Za pua bapa hushika njia iliyonyooka kuliko za pua ya mviringo. W. D. M. Bell, mwindaji wa zamani, aliua tembo wengi Karamoja, Uganda, kwa bunduki ndogo ya .275 Rigby kwa sababu ya vichwa virefu vya solidi vilivyopita moja kwa moja. Mtu asimwige: kwa wanyama hatari Tanzania inataka bunduki ya kipenyo cha .375 kwenda juu. Na usifyatue solidi kwenye kundi, maana itatoka upande wa pili na kumjeruhi aliye nyuma. Softi nzuri, yaani yenye kichwa laini, iwe ya kwanza chemba, solidi zifuate kwenye magazini.

Kabla ya kuingia porini loweka magazeti usiku kucha, yafunge kwa kamba yawe na unene wa kama mita moja, uyapige kwenye uwanja wa shabaha kutoka umbali uleule unaotarajia kumpiga mnyama. Weka ubao mgumu mbele, kwa sababu karatasi peke yake hailingani na mfupa. Okota kichwa, ukipime kwenye mzani wa sonara. Greni 300 ni gramu 19.4. Kikirudi na chini ya gramu 14, mimi sikipeleki kwa mbogo. Kikirudi koti bila kiini, sikipeleki hata kwa pofu.

Muuzaji akishindwa kukuambia kama kiini kimeunganishwa au la, usimpe hela yako, hata kama bei ni nusu. Nusu bei hiyo ndiyo niliyolipa mimi.