Uzoefu wangu: jioni ya kazi mpya za dansi za watunzi wa mitaani, Kinondoni

Kwa kiingilio cha shilingi 10,000 niliketi katika ukumbi mmoja wa Kinondoni na kuangalia kazi tano za dansi ambazo hazikuwahi kuonyeshwa mahali pengine. Watunzi wake, isipokuwa mmoja, hawaishi kwa sanaa: mwalimu wa shule ya msingi, fundi cherehani, kijana anayecheza nyuma ya waimbaji wa bongo fleva, mkulima wa zamani wa Kisukuma aliyehamia jijini, na mama mmoja wa makamo ambaye mtaani kwake anafahamika kwa kufundisha ngoma za harusini. Waandaaji walimpa kila mmoja dakika zisizozidi 15, wakamruhusu kuutumia ukumbi kwa mazoezi bila malipo, na hawakumwekea sharti lolote kuhusu mtindo. Masharti hayo machache ndiyo yaliyoifanya jioni hiyo iwe na thamani, ingawa ndiyo pia yaliyoruhusu baadhi ya kazi kupanda jukwaani zikiwa bado mbichi.

Anayeishi Dar es Salaam huona dansi karibu kila wiki, ila huiona ikiwa pambo la shughuli nyingine. Madansa huonekana mgongoni mwa mwimbaji, na vikundi vya ngoma hukodiwa kupokea wageni au kuchangamsha mkutano, kisha huambiwa wafupishe kwa kuwa mgeni rasmi amechelewa. Mtu anayetaka kuitazama dansi kama kazi inayojitegemea hana mahali pengi pa kwenda: kuna kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space kule Mikocheni, kuna shule ya dansi ya MUDA Africa, na kuna tamasha la Bagamoyo, lililoanza mwaka 1982, mwaka mmoja tu baada ya chuo cha sanaa ambacho sasa kinaitwa TaSUBa. Huko, kwa sehemu kubwa, jukwaa ni la waliosomea fani au waliokwisha kujijengea jina. Onyesho ninalolizungumzia lilikuwa la wale wanaotunga baada ya kufunga duka.

Naanza na kazi iliyokuja mwisho kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Yule mama wa ngoma za harusini alipanda jukwaani na msichana mmoja, mpiga ngoma mmoja, na kigoda. Akaketi. Msichana akaanza kucheza sindimba, ngoma ya Wamakonde ambayo kila Mtanzania aliyepita shule anadhani anaijua, na kila alipofika mahali fulani mama alikuwa akinyoosha kidole na ngoma ikanyamaza. "Kisigino, mwanangu," alisema. "Kiuno kitakuja chenyewe." Msichana akarudia. Kisigino cha kulia kikagusa sakafu kabla ya vidole, uzito ukahama, goti likalegea, na ndipo tulipoona kiuno kikianza kuzunguka bila yeye kukizungusha. Kwa dakika kama kumi tulikuwa tumeketi ndani ya somo, tukisikia "rudia", "usiharakishe", "sikiliza msondo", na taratibu ukumbi mzima ukawa unatazama miguu.

Sindimba ina historia inayofanya uamuzi huo uwe mzito. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Mwalimu Nyerere kuunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana mwaka 1962, ngoma za makabila zilichukuliwa zikapandishwa kwenye majukwaa ya kitaifa, na sindimba ikapendwa kuliko nyingi. Katika miaka hiyo ya 1960 palizuka mabishano kuhusu viuno, kwamba ni aibu au si aibu, na tangu hapo umma umekuwa ukiiona ngoma hiyo kupitia kiungo kimoja tu cha mwili. Jandoni na unyagoni, ilikotoka, ilikuwa na mafunzo yake, na mafunzo hayo hayakupanda jukwaani pamoja na viuno. Mama huyu hakutoa hotuba yoyote juu ya hayo. Alirudisha mafunzo mahali pake kwa kukaa kwenye kigoda na kusahihisha kisigino, na alipoinuka mwishoni kucheza mwenyewe, si zaidi ya dakika moja, mwili wake mzito ulionyesha wepesi ambao msichana bado hajaufikia. Sijaona katika mji huu kazi ya dansi iliyotungwa kwa akili kiasi hicho na vifaa vichache kiasi hicho.

Mwalimu wa shule ya msingi alileta mdundiko. Kwa wasioijua, hii ni ngoma ya Wazaramo inayotembea. Hupigwa njiani, kwenye harusi au mwali anapotolewa, na watu hujiunga nayo mtaa hadi mtaa, watoto wakiifuata hadi wanapotea njia ya kurudi nyumbani. Mtunzi aliuingiza msafara huo ukumbini kupitia mlango wa nyuma, ukapita katikati ya viti, na kwa muda mfupi nilipata ile hamu ya kuinuka na kufuata. Wachezaji walikuwa wamefunga njuga miguuni, nazo zimezungushiwa vipande vya khanga ili zisilie, kwa hiyo tulisikia nyayo tu pamoja na mlio uliozibwa, kama wa sarafu mfukoni. Hilo lilikuwa wazo zuri sana. Tatizo ni kwamba msafara ulipofika jukwaani haukuwa na pa kwenda. Ulizunguka, ukapanga mistari, ukageuka kuwa ngoma ya kupokea mgeni rasmi, na mvuto wote wa mwendo ukabaki kule kwenye viti.

Katika mazungumzo baada ya onyesho, mzee mmoja aliyekaa safu ya mbele alilisema hilo kwa maneno machache kuliko yangu. Mwalimu alipomwamkia, mzee aliitikia marahaba kisha akamwambia, "Mwanangu, mdundiko umeuchukua, njia umeiacha." Mwalimu akajibu kwa adabu kwamba ukumbi hauna njia. Mzee akamwuliza kama ukumbi hauna mlango wa pili. Watu walicheka, lakini mwalimu alitoa kalamu akaandika, na sidhani kama palikuwa na ushauri wa kiutunzi uliokuwa bora kuliko huo jioni ile.

Kazi ya Kisukuma iliibua swali linalofanana na hilo kwa upande mwingine. Wengi wanaifahamu bugobogobo kwa majembe yanayorushwa na kudakwa kwa kufuata ngoma, ishara ya kilimo cha pamoja. Kisichofahamika sana nje ya Usukuma ni utaratibu wa mashindano, ambapo vyama viwili vya wachezaji, Wagika na Wagalu, hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na ushindi huenda kwa yule anayevuta watu wengi zaidi upande wake. Mashindano ya namna hiyo huonekana hadi leo kule Bujora, karibu na Mwanza, wakati wa sikukuu ya Bulabo. Mtunzi aligawanya vijana wake makundi mawili, kila kundi na ngoma yake, yakacheza sambamba pande mbili za jukwaa, midundo ikigongana. Nilielewa alichokuwa akitafuta: mtazamaji alazimike kuchagua. Hata hivyo, mtazamaji aliyebanwa kwenye safu ya viti vya plastiki hana uwezo wa kuchagua zaidi ya kugeuza shingo, na ushindani ambao uwanjani humfanya mchezaji ahatarishe jembe juu zaidi ili asikimbiwe haukuwepo kabisa. Viti vingeondolewa kwa robo saa hiyo, tungekuwa tunazungumzia jambo jingine. Niseme pia kwamba majembe halisi yalirushwa mita chache kutoka kwa watoto walioketi chini mbele, na hakuna mhudumu aliyewasogeza.

Fundi cherehani alicheza peke yake, akiwa ameketi kwenye stuli, bila cherehani. Mguu wake ulikanyaga pedali isiyokuwepo na mikono ikasukuma kitambaa kisichokuwepo, na kwa dakika tano za kwanza nilikuwa tayari kuiita kazi bora ya jioni: mguu ukienda kwa kasi moja, mikono kwa nyingine, kichwa kikiinuka kila mara kana kwamba mteja amefika mlangoni kuuliza nguo yake. Kisha ikawekwa sauti iliyorekodiwa, ikatueleza kuwa maisha ya fundi ni magumu, kuwa wateja huchelewesha malipo, kuwa mguu huvimba. Yote hayo tulikuwa tumeshayaona. Nadhani ni woga wa kutoeleweka, na ni woga ninaousamehe kwa mtu anayeonyesha kazi yake kwa mara ya kwanza, lakini kuna mtu angepaswa kumwambia wakati wa mazoezi kwamba mguu wake ulikuwa unatosha.

Kuhusu kazi ya singeli sina mengi. Muziki huu wa Manzese na Tandale, uliotokana na mchiriku na vigodoro, huenda zaidi ya midundo 200 kwa dakika, na mtunzi, yule kijana wa bongo fleva, aliamua wachezaji wake wawe wazito dhidi ya kasi hiyo, wakisogea kama waliochoka. Wazo linaweza kuzaa kitu, ila spika zilikuwa zikikoroma kiasi kwamba mdundo wenyewe haukusikika sawasawa, na pasipo mdundo uzito ule haukuwa na cha kupingana nacho.

Sasa huduma. Onyesho lilichelewa kuanza kwa karibu saa nzima bila mtu kutuambia sababu, jambo ambalo kwa waliotoka mbali na wanaotegemea daladala za kurudi si dogo. Vyoo vilikuwa safi. Vitafunio vilikuwa mihogo ya kukaanga na juisi ya ukwaju, kwa bei ya kawaida. Taa zilikuwa chache lakini aliyezisimamia alizitumia kwa busara, hasa katika kazi ya fundi cherehani. Mshereheshaji alizungumza kupita kiasi kati ya kazi na kazi, akituambia kabla ya kila moja kwamba tutaipenda.

Simu zinahitaji uamuzi. Karibu nusu ya watu walirekodi, na waandaaji hawakukataza wala kuruhusu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda kazi za dansi zilizotungwa, lakini ulinzi huo haumsaidii sana mtunzi ambaye mtindo wake umeshasambaa mtandaoni kabla ya asubuhi, bila jina lake. Ingetosha kutangaza kwamba dakika moja ya mwanzo wa kila kazi ni ya kurekodi na zinazobaki ni za kutazama, na kutaja jina la mtunzi kila mara.

Majina yaliniudhi mahali pengine pia. Karatasi ya ratiba iliorodhesha watunzi na wachezaji wote, lakini haikuwataja wapiga ngoma, hata yule wa sindimba ambaye mama alikuwa akimwongoza kwa kidole na ambaye bila ukimya wake wa wakati mwafaka kazi ile isingekuwepo. Nilipouliza mlangoni niliambiwa kuwa karatasi ilichapishwa kabla hawajapatikana. Wangeweza kutangazwa kwa kipaza sauti, kwa kuwa mshereheshaji hakuwa na uhaba wa muda.

Lakini lililonisumbua kuliko yote ni sakafu. Ni vigae, vilivyotandikwa kapeti ya plastiki na kubandikwa kwa gundi ya karatasi. Sakafu ya kuchezea inapaswa kubonyea kidogo, iwe ya mbao zilizoinuliwa juu ya saruji, ili mshtuko wa mruko usiishie kwenye magoti na mifupa ya miundi. Vijana wa bugobogobo walikuwa wakitua kwa nguvu zote za miguu yao kwenye vigae hivyo, na nilimwona mmoja akichechemea kuelekea nyuma ya pazia huku akitabasamu kwa ajili yetu. Hilo haliwezi kuachwa kwa kisingizio kwamba ni onyesho la mitaani. Waandaaji wakiandaa jingine nitakwenda, nikae upande wa kushoto ambako spika haikoromi sana, na nitabaki hadi mwisho wa mazungumzo, kwa sababu nusu ya thamani ya tiketi iko humo. Ningelipa hata 15,000, ili mradi ile 5,000 ya ziada iende kununua mbao.