Utepe wa supakondakta wa milimita 4: umetimiza ahadi, lakini cheti chake hakitoshi

Utepe huu wa supakondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikipozwa vya kutosha) wa joto la juu, yaani usiohitaji baridi kali kuliko ya nitrojeni kimiminika, wenye upana wa milimita 4, ulinunuliwa ili kutengenezea koili ndogo ya kufundishia katika maabara ya chuo hapa Mombasa, nao umefanya kazi iliyotarajiwa, ingawa cheti kilichoambatana nao hakimwambii mnunuzi jambo analohitaji kulijua zaidi. Muuzaji simtaji, kwa kuwa upungufu huo hauko kwake peke yake.

Cheti kinataja tarakimu moja tu: mkondo wa ukomo, yaani mkondo mkubwa kabisa ambao utepe hupitisha kabla ukinzani haujaanza kuonekana, katika kelvini 77, yaani nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri, pasipo uga wa sumaku kutoka nje. Kipande kifupi tulichokizamisha katika nitrojeni kimiminika kilifikia kiwango hicho na kukizidi kidogo, kwa kigezo cha kawaida kwamba ukomo umefikiwa volteji inapofika mikrovolti 1 kwa kila sentimita, na kwa hilo muuzaji hadaiwi chochote. Tatizo ni kwamba hakuna anayenunua utepe ili aunyooshe mezani. Ukishazungushwa kuwa koili, kila mzunguko hukaa ndani ya uga unaotokana na mizunguko mingine, na utepe wa aina hii hudhoofishwa zaidi na uga unaoingia wima usoni mwake kuliko ule unaopita sambamba na uso huo. Katikati ya koili mistari ya uga hupita sambamba, lakini kwenye ncha zake mbili hupinda na kuukabili utepe usoni, na hapo ndipo koili hushindwa kwanza. Katika kelvini 77, uga wima wa tesla 1 tu (tesla ni kizio cha ukali wa uga wa sumaku) unaweza kuuacha utepe wa kawaida na takriban robo ya mkondo wake, au pungufu. Koili yetu nayo ilianza kuonyesha volteji katika mizunguko ya nchani, kwa mkondo ulio chini ya ule wa cheti, kama hesabu ilivyokuwa imetabiri.

Kwa hiyo mnunuzi anapaswa kudai mchoro unaoonyesha mkondo kwa kila kiwango cha uga na kwa kila pembe, tena katika halijoto atakayoitumia yeye. Watengenezaji wengi hupandikiza ndani ya tabaka la supakondakta vijiti vidogo mno vya zirkoneti ya bariamu ili kuzishika nyuzi za sumaku, yaani mistari ya uga iliyopenya ndani ya tabaka hilo, zisitembee, maana zikitembea ndipo upotevu wa nishati unapoanza. Lakini faida ya vijiti hivyo hubadilika kwa halijoto na pembe, hivyo utepe unaoongoza katika kelvini 77 si lazima uongoze katika kelvini 20, ambayo ni baridi kali zaidi.

Kuuhukumu utepe kwa matokeo ya nitrojeni pekee kungekuwa kuuonea. Mwaka 2019 koili ndogo ya utepe wa jamii hii, ikiwa ndani ya sumaku ya umeme ya kawaida, isiyo ya supakondakta, huko Tallahassee, Florida, iliufikisha uga kwenye tesla 45.5, na mwaka 2021 chuo cha MIT cha Marekani pamoja na kampuni ya Commonwealth Fusion Systems walipata tesla 20 kwa sumaku kubwa iliyopozwa hadi karibu kelvini 20. Sisi hatuna mtambo wa kupoza kiasi hicho.

Kwa uimara, utepe huvumilia sana kuvutwa kwa urefu wake, kwa sababu sehemu kubwa ya unene wake ni shaba na aloi ya nikeli, ilhali tabaka lenyewe la supakondakta halizidi mikromita chache. Matabaka hayo, hata hivyo, hubanduka kwa nguvu ndogo ya kushangaza. Anayekusudia kuijaza koili gundi ya epoksi afikiri mara mbili, kwani gundi hiyo husinyaa zaidi ya utepe inapopozwa; yetu tuliizungusha kavu.

Hewa ya pwani nayo ina neno lake. Koili ikitolewa kwenye nitrojeni, hasa wakati wa masika, huota barafu papo hapo na baadaye kulowa chapachapa, na maji huliharibu tabaka la ndani mahali utepe ulipokatwa na kuachwa wazi. Tunaziba ncha hizo kwa risasi ya kulehemu inayoyeyuka kwa joto la chini, na koili huachwa ipate joto taratibu ndani ya chombo chake, ikiwa imezungukwa na gesi ya nitrojeni inayoendelea kufuka. Maelezo ya muuzaji hayaligusi jambo hili hata kwa sentensi moja, jambo linaloeleweka ikiwa wateja wake wengi wanaishi penye hewa kavu.

Kinachobaki ni ulinzi. Sehemu ndogo ya utepe ikipoteza hali yake ya supakondakta, eneo hilo hupanuka polepole mno, hivyo linaweza kuungua kabla volteji haijawa kubwa ya kutambulika. Shaba ya toleo tulilonunua ni nyembamba. Kwa mkondo mkubwa ningechagua lenye shaba nene zaidi, ingawa mizunguko inayotosha ndani ya nafasi ileile itapungua. Kwa kufundishia ninaupendekeza bila kusita. Anayetaka kujenga sumaku ya uga mkali aagize kwanza mita chache pamoja na vipimo vya pembe, ndipo alipie mita mia.